Kukarabati bafu la nyumbani: vipimo vya kujua kabla nyundo haijagusa ukuta

Tuchukue bafu la ndani la nyumba ya matofali mjini Dar es Salaam au Tanga: upana mita 1.5, urefu mita 2.4, dari mita 2.4. Choo na sehemu ya kuogea vimo humo humo, maji yanashuka kutoka kwenye tangi la mnara, na majitaka yanaishia kwenye shimo la nyumbani. Huu ndio mfano tutakaoupigia hesabu mpaka mwisho. Lako likiwa kubwa au dogo kuliko hili, badilisha namba. Mpangilio wa kazi haubadiliki.

Wengi huanza na rangi ya vigae, kwa kuwa ndivyo vinavyoonekana. Lakini bafu linalonuka, linalotuamisha maji kwenye kona, au lenye shawa inayodondoka badala ya kumwaga, halitapendeza hata likivalishwa marumaru ya bei gani. Raha ya kuoga huamuliwa na mambo matatu ambayo hayaonekani kazi ikiisha: presha ya maji, mteremko na njia ya hewa. Hayo ndiyo ya kuanza nayo.

Pima ulichonacho

Presha kwanza. Kila mita 1 ya kimo kati ya tangi na shawa hukupa bar 0.1. Tangi likikaa kwenye mnara wa mita 4 na kichwa cha shawa kikiwa mita 2.1 kutoka sakafuni, tofauti ni chini ya mita 2, yaani haifiki bar 0.2. Shawa ndogo ya mkono itafanya kazi kwa presha hiyo, ila kwa unyonge. Ile kubwa ya mraba inayofunguka kama mvua haitafanya lolote, maana huhitaji karibu bar 1. Hapa ndipo fedha nyingi hupotea: mtu ananunua shawa ya sentimita 25 kwa sababu ya picha, kisha maji yanatoka katikati tu, kwenye matundu machache. Uamuzi ni wa mapema: pandisha tangi, weka pampu ya kuongeza presha kwenye bomba linalotoka tangini, au chagua shawa ndogo yenye matundu machache. Ukichagua pampu, tenga njia ya umeme wake sasa, kabla ukuta haujapigwa lipu.

Pili, mdomo wa bomba la choo. Vyoo vya kukaa viko vya aina mbili. Cha S hutolea chini sakafuni. Cha P hutolea nyuma ukutani. Kwa cha S, pima kutoka ukuta uliokamilika, pamoja na unene wa kigae, mpaka katikati ya bomba la sakafuni. Kwa cha P, pima kutoka sakafu iliyokamilika mpaka katikati ya bomba la ukutani; vingi huwa sentimita 18. Vyoo vya S vina umbali tofauti kulingana na vilikotengenezwa, na sentimita 30 ni wa kawaida lakini si wa vyote. Andika namba hizo kwenye karatasi na uende nazo dukani. Choo kisichokubaliana na bomba humlazimisha fundi kuunganisha kwa viwiko viwili vitatu, na hapo ndipo choo huanza kuziba.

Tatu, fungua chemba ya nje, mwambie mtu avute maji ndani, na utazame. Maji yanapaswa kupita haraka bila kuacha uchafu. Yakisimama, tatizo ni bomba la nje au shimo lililojaa, na hakuna ukarabati wa ndani utakaolitatua. Sikiliza pia sakafuni: choo kikivutwa na mtego wa maji wa sakafuni (ile sehemu ya bomba inayobaki na maji ili kuzuia harufu) ukabwabwaja, bomba la hewa limeziba au halipo kabisa. Maji ya mtegoni yananyonywa, na harufu pamoja na mende hupata njia. Bomba la hewa linatakiwa kupanda mpaka juu ya paa.

La nne linawahusu zaidi watu wa pwani: onja maji. Maji ya kisima yenye chumvi hula mabomba ya madini hafifu yaliyopakwa kromi ndani ya muda mfupi, na huharibu koili za hita. Tafuta bomba la shaba, ambalo utalijua kwa uzito wake mkononi, au la chuma cha pua cha daraja 316. Kwa shawa ya umeme ya papo kwa papo, nunua iliyoandikwa kuwa ni ya maji ya chumvi. Maji hayo hupitisha umeme kwa urahisi zaidi, kwa hiyo hapa si suala la kudumu tu, ni suala la uhai.

Chora mpangilio

Kuhamisha choo ndiyo kazi ghali kuliko zote. Bomba la inchi 4 linahitaji mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita. Ukilisogeza mita 1.5, unahitaji sentimita 3 za kushuka, juu ya unene wa bomba lenyewe na viungo vyake. Kwa nyumba ya chini utavunja sakafu. Kwa ghorofa, kina hicho hakipatikani bila kuinua sakafu yote. Choo kikiwa mahali panapofaa, kiache.

Nafasi za kuheshimu ni hizi. Kutoka katikati ya choo mpaka ukuta au beseni la pembeni, acha angalau sentimita 40. Mbele yake acha sentimita 60 au zaidi. Ukingo wa beseni uwe sentimita 80 hadi 85 kutoka sakafuni, na bomba la kuchanganya maji la shawa sentimita 100 hadi 110. Kwenye bafu letu la mfano, beseni linakaa karibu na mlango na kuchukua sentimita 60, choo kinafuata na sentimita 80, na sentimita 90 za mwisho zinabaki za kuogea kwa upana wote wa chumba. Zinabaki sentimita 10 za kuchezea. Mlango ufungukie nje: nafasi inaongezeka, na mtu akianguka ndani unaweza kumfikia.

Familia ya Kiislamu iangalie kibla kabla ya kuamua choo kitazame wapi. Wengi hawataki kukielekea wala kukipa mgongo, na kugundua jambo hilo baada ya vigae ni kuvunja upya.

Usisahau bomba la ndoo. Maji yakikatika, au hita ikiharibika, kila mtu anarudi kwenye ndoo na kopo. Weka bomba la kawaida kwenye ukuta wa kuogea, sentimita 60 kutoka sakafuni, ndoo ya lita 20 ikae chini yake bila kuinamishwa. Bomba hilo hilo huwafaa wanaotawadha na mama anayeogesha mtoto. Shatafu iwe pembeni, mahali mkono wa aliyeketi unapofika, na iwe na koki yake ya kufungia: mpira ulioachwa na presha usiku kucha ndio hupasuka na kufurisha nyumba.

Kama kuna mzee ndani ya nyumba, chagua choo chenye kiti cha sentimita 43 hadi 48 badala ya 40, na panga reli ya kushikia pembeni. Sehemu itakayofungwa reli iwe tofali gumu au ijazwe zege. Parafujo zilizoshika lipu peke yake zitang'oka siku ile reli inapohitajika.

Hesabu ya vifaa

Kuta zetu zina mzunguko wa mita 7.8. Mara mita 2.4 unapata mita za mraba 18.7. Ondoa mlango wa sm 75 kwa 210 na dirisha la sm 60 kwa 60, unabaki na 16.8. Ongeza asilimia 10 ya kukatika, inakuwa 18.5. Boksi la vigae vya sm 30 kwa 60 kwa kawaida lina vipande 8, sawa na mita za mraba 1.44. Gawanya: boksi 13. Sakafu ni mita za mraba 3.6, nunua za 4 au zaidi kidogo. Soma eneo lililoandikwa kwenye boksi, maana halilingani kwa kila kiwanda. Hakikisha boksi zote zina namba moja ya toleo. Vigae vya jina moja kutoka matoleo mawili hutofautiana rangi kidogo, na tofauti hiyo huonekana vikishapandishwa ukutani na kupigwa na mwanga.

Gundi ya vigae: mfuko wa kilo 20 hufunika mita 4 hadi 5 za mraba, kwa hiyo andaa mifuko 5 au 6. Grauti, yaani unga wa saruji wa kujazia viungo vya vigae, kilo 4. Dawa ya kuzuia maji ya aina ya saruji, tabaka mbili, hula karibu kilo 3 kwa mita ya mraba. Eneo letu la kupaka ni mita 11 za mraba, yaani kilo 33.

Choo, beseni, shawa, mabomba na vigae viwe vimefika nyumbani kabla ya kuvunja. Fundi bomba hawezi kuweka mdomo wa bomba mahali sahihi kwa choo ambacho hajakiona. Tenga pia akiba ya kama asilimia 15 ya bajeti, kwa sababu ukivunja bafu la zamani karibu kila mara utakuta bomba lililooza au ukuta uliolowa. Malipo ya ufundi yagawe kwa hatua, na hatua ya kuzuia maji ilipwe baada ya jaribio, si kabla.

Mabomba na mteremko

Ziba midomo yote ya mabomba ya majitaka kwa matambara kabla ya kuvunja. Kifusi kikiingia humo, utakutana nacho baadaye kwenye chemba.

Kwa majitaka: inchi 4 kwa choo, inchi 2 kwa sehemu ya kuogea, inchi 1½ kwa beseni. Mtego wa maji wa sakafuni uwe na kina cha maji cha sentimita 5. Ile mitego myepesi yenye kikombe kinachotoka huwa na maji machache, hukauka haraka, na mtu anayezibua nywele hukitoa kikombe na kutokirudisha. Ndiyo maana bafu jipya hunuka baada ya miezi michache.

Kwa maji safi, mabomba ya PPR, yaani ya plastiki yanayounganishwa kwa kuchomelea, ndiyo yanayotumika sana sasa. Tumia yenye daraja la presha la PN20 kwa maji ya moto. Mashine ya kuchomelea iwe nyuzi 260. Bomba la milimita 20 hupashwa sekunde 5, la milimita 25 sekunde 7. Likizidishwa, plastiki huvimba ndani na kupunguza njia ya maji, na mwenye nyumba atalaumu tangi. Baada ya kuunganisha, ziba midomo yote, pandisha presha kwa pampu ya mkono mpaka mara moja na nusu ya presha ya kawaida, na uache kwa saa kadhaa mshale ukiwa unaonekana. Ukishuka, tafuta kiungo kinachotoa jasho. Lipu isipigwe mpaka mshale utulie. Kabla ya kufunika, piga picha kila ukuta ukiwa na futi ya kupimia ndani ya picha. Siku ya kutoboa kwa ajili ya kioo au rafu utajua bomba limepita wapi.

Sakafu ya saruji iwe ndoo 1 ya saruji kwa ndoo 4 za mchanga wa mto uliochekechwa. Mchanga wenye chumvi utatoa unga mweupe kwenye viungo vya vigae. Eneo la kuogea lishuke sentimita 1.5 hadi 2 kwa mita kuelekea mtego, na eneo lililobaki sentimita 1 kwa mita. Bafu zima liwe chini ya ukumbi kwa sentimita 2. Mteremko hutengenezwa hapa, kwenye saruji. Fundi akisema atauweka wakati wa vigae, msimamishe: gundi ya milimita 5 haiwezi kutengeneza mteremko. Mwagilia sakafu na lipu kwa siku 7.

Umeme

Shawa ya papo kwa papo ya wati 5,500 huvuta karibu ampea 24 kwenye umeme wa volti 230. Iwe na njia yake peke yake kutoka kwenye ubao mkuu, waya wa milimita za mraba 4 au 6, na swichi yake kuu. Waya wa 2.5 uliochukuliwa kutoka kwenye soketi ya chumbani utachemka ndani ya ukuta. Waya wa ardhi si hiari, na njia hiyo ilindwe na kikata umeme cha miliampea 30 kinachozima umeme ukivuja. Swichi ya taa na hita ikae nje ya mlango.

Ukipendelea hita ya tangi ya lita 50, yenye wati 2,000 huchukua kama saa moja kupasha maji kutoka nyuzi 25 hadi 60, na hula karibu uniti 2 za LUKU. Shawa ya papo kwa papo kwa dakika 8 hula uniti 0.7 hivi. Hita ya tangi ikijaa hufikia karibu kilo 70, kwa hiyo ifungwe kwenye ukuta imara, na mdomo wa valvu yake ya usalama usizibwe, uelekezwe kwenye njia ya maji machafu. Wapo mafundi wanaoiziba kwa sababu inadondoka. Kudondoka wakati wa kupasha ni kazi yake.

Kwa hewa, chumba chetu kina mita za ujazo 8.6. Feni ya inchi 4 inayotoa mita za ujazo 80 hadi 100 kwa saa inatosha, ikitolea nje na si darini. Acha upenyo wa sentimita 1 hadi 2 chini ya mlango, vinginevyo feni haina hewa ya kuvuta. Dari iwe ya PVC au jipsamu ya kuhimili unyevu. Jipsamu ya kawaida huota madoa meusi.

Kuzuia maji kupenya

Vigae na grauti havizuii maji. Huyapunguza tu. Kinachozuia ni tabaka lililo nyuma yake, na hili ndilo linalorukwa mara nyingi kuliko yote. Matokeo yake ni rangi ya chumba cha jirani kuvimba na kubanduka upande wa pili wa ukuta.

Safisha vumbi, lowanisha sakafu bila kuacha madimbwi, zungusha kona zote na mdomo wa mtego kwa utepe wa kitambaa uliozamishwa kwenye dawa. Paka tabaka la kwanza, liache likauke kulingana na maelekezo ya mfuko, kisha la pili kwa mwelekeo unaokatiza wa kwanza. Panda sentimita 20 kwenye kuta zote, na mita 2 kwenye kuta za kuogea. Dawa ikishakomaa, ziba mtego, jenga kizingiti cha muda mlangoni, jaza maji sentimita 3 hadi 5, weka alama ukutani na uache saa 24. Kagua ukuta wa nyuma, na dari ya chini kama ni ghorofa. Kama kuna unyevu, rudia. Hakuna hatua nyingine katika kazi hii yote inayolipa kama siku hii moja ya kungoja.

Kupanga vigae

Kigae cha sakafuni kisiwe kinachong'aa. Tafuta daraja la kutoteleza la R10 au R11. Kwenye sakafu ndogo, sm 30 kwa 30 au vidogo zaidi hufuata mteremko wa pande nne bila shida. Ukitaka 60 kwa 60, weka mfereji mrefu wa maji ukutani badala ya mtego wa katikati, ili sakafu ishuke upande mmoja tu.

Vigae vya seramiki vya ukutani hunywa maji, ndiyo maana mafundi wa zamani huviloweka na kuvibandika kwa uji wa saruji. Vya posilini havinywi, kwa hiyo saruji tupu haivishiki; baada ya mwaka vinalia wazi ukivigonga, kisha vinadondoka. Tumia gundi, na uisambaze kwa mwiko wa meno ya milimita 8 hadi 10. Mabaka matano ya gundi nyuma ya kigae ni njia ya haraka inayoacha mapango. Maji hukaa humo, na kona ya kigae hupasuka ikipigwa. Ng'oa kigae kimoja mara kwa mara utazame mgongo: gundi iwe imeshika karibu eneo lote.

Anza na mstari wa pili kutoka chini, juu ya ubao ulionyooshwa kwa pima maji, kisha umalizie wa chini baada ya sakafu. Panga vikavu kwanza, ili vipande vilivyokatwa viende nyuma ya mlango na si mbele ya macho. Kiungo kiwe milimita 2 au 3. Grauti saa 24 baadaye. Kona za ukuta kwa ukuta, na ukuta kwa sakafu, zijazwe silikoni ya kuzuia ukungu, maana hapo nyumba hucheza na grauti hupasuka.

Kuhusu uzuri wenyewe: chumba cha mita 1.5 hakibebi aina nne za vigae. Rangi moja tulivu kwenye kuta, nyingine iliyokolea kidogo sakafuni, na ukuta mmoja wa kuogea ukitaka uwe na nakshi. Grauti nyeupe sakafuni haitabaki nyeupe, chagua kijivu. Nyumba za mawe za Lamu na Unguja zina zidaka ukutani, yaani vishubaka vya kuwekea vitu, na hakuna kilicho bora kwa sabuni na mafuta. Kijengee kidaka chako ndani ya eneo la shawa, kwa kipimo cha kigae kizima cha sm 30 kwa 60, kina cha sentimita 9, sakafu yake ikiinama kidogo kuelekea nje, na kipakwe dawa ya maji kama ukuta. Kisiwekwe kwenye ukuta mwembamba wa inchi 5 unaopigwa na mvua nje. Taa iwe ya joto la rangi 3000K hadi 4000K, yaani mwanga wa manjano hafifu hadi mweupe, na nyingine iwekwe usawa wa uso pembeni mwa kioo. Taa ya dari peke yake hutia kivuli machoni, na kunyoa kunakuwa kubahatisha.

Kufunga choo na kumaliza

Choo kisizikwe kwenye saruji. Saruji inapokauka na nyumba inapotikisika, mguu wa choo hupasuka, na siku ya kukitoa utakivunja. Kiunganishe kwa mpira maalumu wa kuunganishia, kifunge kwa parafujo mbili, kisha zungushia silikoni mbele na pembeni, uache nafasi ndogo nyuma. Kiungo kikivuja, maji yatatokea hapo na utajua, badala ya kuozea chini ya sakafu.

Silikoni ipewe saa 24 bila maji. Hesabu siku 20 hivi tangu kuvunja mpaka kuoga, kwa kuwa siku 7 za kumwagilia na siku za kukauka hazifupishwi. Boksi moja la vigae vya ukutani na vipande vichache vya sakafuni vihifadhiwe stoo pamoja na mfuko mtupu wa grauti wenye namba ya rangi.